Aliyeachiwa Huru Naye Hukatiwa Rufani

Wavuvi wa dagaa wa Mwanza huupenda usiku wa giza, kwa kuwa mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaifuati taa. Na majambazi wa ziwani, ambao riziki yao ni mashine za mitumbwi ya watu, nao huupenda usiku huo huo. Tuchukulie mvuvi mmoja, wa kubuni, aliyenyang'anywa mashine yake karibu na Kisiwa cha Kome na watu wenye mapanga, naye akaapa mbele ya hakimu kwamba alimtambua mmoja wao kwa mwanga wa karabai. Tangu shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba utambuzi wa macho usitegemewe mpaka kila njia ya kukosea iwe imezibwa: taa iliwaka kwa kadiri gani, umbali ulikuwa hatua ngapi, alimtazama kwa muda gani, na je, alimjua kabla ya hapo?

Majibu yasipotosha, mshitakiwa hutoka huru, na jioni hiyo hiyo pale Mwaloni Kirumba yatasemwa mawili: ama hakimu amekula, ama mshitakiwa amesafika. La kwanza ni dhana tupu, na la pili limezidi kiasi, maana alilolitamka hakimu ni kwamba Jamhuri, iliyoleta tuhuma, haikuithibitisha pasipo kuacha shaka yenye maana, kama Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inavyoitaka. Wala tusidhani kwamba Waingereza peke yao ndio waliotuletea kanuni hii, kwani makadhi wa pwani waliijua tangu zamani kwamba bayana ni juu ya mwenye kudai.

Kule Marekani, mtu akishaachiwa na baraza la wazee wa mahakama, serikali haina tena pa kwenda. Kwetu sivyo: Mkurugenzi wa Mashtaka aweza kukata rufani Mahakama Kuu, na kutoka huko Mahakama ya Rufani. Je, mzigo humgeukia aliyeachiwa? Hasha! Jamhuri, ingawa sasa yaitwa mrufani, hupanda ngazi na mzigo wake ule ule kichwani. Mahakama Kuu nayo hupaswa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe, kama Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilivyoeleza katika shauri la Pandya mwaka 1957, ilhali ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wakitokwa jasho.

Shauri lililowafunza Watanzania jambo hili ni lile la Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa Mkoa wa Dar es Salaam, na wenzake 8, walioshitakiwa kwa mauaji ya wafanyabiashara 3 wa madini na dereva mmoja wa teksi, Januari 2006. Mahakama Kuu iliwaachia wote Agosti 2009. Jamhuri ikakata rufani, nayo mwaka 2013 ikaondolewa kwa kasoro ya hati ya kusudio la rufani (yaani karatasi tu, wala si damu ya marehemu), ikabidi ianzwe upya. Hata Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja peke yake na kumhukumu kunyongwa. Zombe alibaki huru.

Tumrudie mvuvi wetu. Unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao kifungo chake si chini ya miaka 30, hausikilizwi na Mahakama ya Mwanzo, kwa hiyo yeye mwenyewe hana rufani. La kufanya ni kwenda upesi ofisi ya mashtaka, kwa sababu Mkurugenzi hupewa siku 30 za kutoa kusudio na siku 45 za kuleta sababu zake. Lakini lau mashine ingeibwa ufukweni pasipo panga, na shauri likaamuliwa na Mahakama ya Mwanzo, mlalamikaji mwenyewe angeweza kukata rufani Mahakama ya Wilaya, naye ana siku 30 tu.