Ndoa ni Kiapo, Karamu Ifuate Nyuma

Kwaresima inapokwisha, kadi za michango ya harusi huanza kutembea katika mtaa wa Soweto jijini Mbeya, kama zinavyotembea Iringa, Dar es Salaam na hata Unguja. Kamati huundwa, mweka hazina huteuliwa, na vikao huanza. Hatuna ugomvi na michango hiyo. Kuchangiana ni desturi njema, na mgeni hakaribishwi kwa mikono mitupu.

Linalotutia wasiwasi ni wale ambao kikao chao hakianzi. Wapo vijana Wakatoliki wengi, Soweto na kwingineko, walioishi pamoja miaka mitano au kumi na kulea watoto, ambao wakiulizwa kwa nini hawajafunga ndoa hujibu kwamba fedha hazijatosha. Wamesadiki kuwa bila ukumbi, magari na sare hakuna harusi. Kwa sababu hiyo Komunyo Takatifu wanaitazama kwa mbali, na hati ya ndoa hawana.

Ni vema basi tukumbushane Kanisa lenyewe linadai nini. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema kwamba kinachofanya ndoa ni ridhaa ya mwanamume na mwanamke. Ridhaa hiyo hutamkwa mbele ya padri au shemasi mwenye mamlaka, na mbele ya mashahidi wawili. Wasomaji wetu wa Visiwani hawatalishangaa jambo hili, kwani katika nikaha pia mashahidi wawili ni sharti, na walima ni sherehe inayofuata.

Maandalizi yenyewe yanataka muda zaidi kuliko fedha. Wachumba huenda kwa paroko mapema, wakiwa na vyeti vya ubatizo vilivyotolewa karibuni na utambulisho wa jumuiya zao ndogo ndogo. Huhudhuria mafundisho ya ndoa. Kisha majina yao hutangazwa kanisani, kwa desturi Jumapili tatu, ili mwenye kujua kizuizi akiseme. Mmoja akiwa hajabatizwa, kama ilivyo Mkatoliki anapochumbiana na Mwislamu, ruhusa ya askofu huhitajika. Si jambo la kuombwa wiki ya mwisho, kadi zikiwa zimekwisha kugawiwa. Siku yenyewe ikifika, padri huwauliza kama wamekuja kwa hiari, kama wataheshimiana maisha yao yote, na kama watapokea watoto. Hushikana mikono, hula kiapo, hubarikiwa pete, na kitabu hutiwa saini. Katika orodha hiyo yote, keki haimo.

Serikali nayo haidai karamu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe angalau siku 21 kabla. Sheria hiyo inataka hiari ya wote wawili, na inatamka wazi kwamba kutotimizwa kwa desturi ya mahari hakubatilishi ndoa. Kijana wa Unguja au Pemba anayefunga ndoa Mbeya anaifunga chini ya sheria hiyo, ingawa kwao Visiwani haitumiki. Hana budi kuuliza mapema ni hati zipi zinazotakiwa.

Wako watakaosema kwamba sheria hiyo hiyo huwachukulia waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, wakijulikana kwa watu kuwa mume na mke, kuwa wameoana. Ni kweli. Lakini hiyo ni dhana, na dhana yaweza kupingwa mahakamani kwa ushahidi. Mara nyingi hupingwa wakati mbaya kuliko wote: mume akiwa kaburini, ndugu wakiwa wameketi kugawa shamba, na mjane akitakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa mke. Hapo hakuna atakayeuliza ukumbi ulipambwa kwa rangi gani. Wataulizia karatasi.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa pande tatu. Wazazi na washenga wasiifanye mahari kuwa ukuta. Yaweza kumalizwa kidogo kidogo wakati ndoa imekwisha kufungwa. Kamati nazo zipange sherehe kwa kadiri ya kilichopo. Parokia mbalimbali nchini zimekwisha kufungisha ndoa za wachumba kadhaa katika Misa moja, wakala pamoja chakula cha kawaida, na ndoa hizo hazikupungua uzito hata chembe.

Upande wa tatu ni maofisa wa Serikali. Mwananchi asiyejua habari ya siku 21 hawezi kulaumiwa kama hakuna aliyemweleza. Masharti ya ndoa yabandikwe katika ofisi za kata na mitaa kwa Kiswahili chepesi, na kumbukumbu za ndoa zinazofungwa makanisani, misikitini na bomani zifikishwe kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini bila kuchelewa, ili mwenye kuhitaji uthibitisho asizungushwe.

Karamu huliwa siku moja na vyombo vikaoshwa. Kiapo hubaki nyumbani na wenyewe, na hati huwalinda watoto wao. Anayesubiri karamu ndipo ale kiapo, tunamshauri aende kwa paroko wake wiki hii.