Maji Meupe ya Mashine Yasiachwe Yaoze

Wafanyakazi wenzetu, sisi tunaotoka Bugembe alfajiri kwenda karakana za Jinja, na wenzetu wanaohudumia mitambo ya miwa kule Kakira, tunaijua harufu ya Jumatatu. Mashine ya kukereza chuma imelala tangu Jumamosi. Ukifungua bomba, maji meupe yanatoka yakinuka kama yai viza.

Maji hayo ni mafuta maalumu yaliyochanganywa na maji, mara nyingi sehemu 1 ya mafuta kwa sehemu 20 za maji. Kazi yake ni kupoza kisu cha mashine na kupunguza msuguano. Mmarekani F. W. Taylor, yule yule aliyewaletea wafanyakazi mtindo wa kupimiwa kazi kwa saa, aliandika mwaka 1907 kwamba kukimwagia kisu maji mengi huongeza mwendo wa kukata kwa asilimia 30 hadi 40. Faida hiyo waajiri wanaijua sana. Utunzaji ndio unaosahauliwa.

Mafuta ya gia huvuja yakaelea juu ya tangi. Pampu ikisimama, utando huo huziba hewa, na vijidudu visivyotaka hewa huzaana humo. Ndiyo harufu yenyewe. Chuma kilichokerezwa jana kinashika kutu, kisu kinakufa mapema. Mikono yetu nayo inawasha na kupasuka, na ukungu wa maji hayo ukivutwa huleta kikohozi na kubanwa kifua.

Basi utando uenguliwe kila siku. Wakati wa kuchanganya, mafuta ndiyo yamiminwe ndani ya maji, wala si maji ndani ya mafuta. Tangi lisuguliwe kabla ya kutiwa maji mapya, maana uchafu wa zamani huyaozesha upesi. Na tuseme kweli: wapo kati yetu wanaotema mate na kutupa vipande vya sigara humo! Dawa ya kuua vijidudu isizidishwe, nayo huchoma ngozi. Glavu zisivaliwe karibu na chuma kinachozunguka. Zikinaswa, mkono unakwenda nazo. Tunawe kwa sabuni, si kwa petroli.

Lakini sabuni, kipimo cha mchanganyiko na muda wa kusafisha haviwezi kutoka mfukoni mwetu. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamwajibisha mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi wake. Wawakilishi wetu walipeleke jambo hili mezani: tangi lisafishwe ndani ya saa za kazi zinazolipwa, kabla zamu ya Jumamosi haijafunga.