Benjamin O. Davis Jr. na Vita vya Hesabu

Sifa ya rubani wa kivita kwa muda mrefu imepimwa kwa idadi ya ndege za adui alizotungua, ilhali ya kamanda ni ngumu zaidi kuipima, kwa kuwa hutegemea kazi aliyopangiwa na wakubwa wake, ndege alizokabidhiwa na wingi wa watu alio nao. Kuchanganya vipimo hivyo viwili kulikaribia kukatiza safari ya Benjamin O. Davis Jr., aliyekuja kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata cheo cha jenerali katika Jeshi la Anga la Marekani.

Davis alizaliwa Washington mwaka 1912, baba yake akiwa mwanajeshi aliyepanda hadi kuwa jenerali mweusi wa kwanza wa jeshi la nchi kavu. Mwaka 1932 aliingia chuo cha kijeshi cha West Point, ambako kwa miaka minne wanafunzi wenzake weupe walimsusia: hawakusema naye ila pale kazi ilipolazimu, akalala chumbani peke yake na kula bila mtu wa kuzungumza naye. Hata hivyo alihitimu mwaka 1936 akiwa wa 35 kati ya wahitimu 276. Alipoomba kujifunza urubani alikataliwa kwa maelezo kwamba jeshi halikuwa na kikosi cha marubani weusi cha kumpeleka, nacho kikosi hicho hakikuwapo kwa sababu watu weusi hawakuruhusiwa kujifunza urubani.

Mduara huo ulivunjwa na siasa. Magazeti na vyama vya Wamarekani weusi viliibana serikali ya Rais Roosevelt, na mwaka 1941 mafunzo yakaanzishwa Tuskegee, Alabama. Davis akawa miongoni mwa watano wa kwanza kuhitimu, Machi 1942. Alikabidhiwa Skwadroni ya 99, skwadroni ikiwa ni kikosi cha msingi cha jeshi la anga chenye marubani, mafundi na ndege zake, na mwaka 1943, katika Vita vya Pili vya Dunia, akaiongoza hadi Afrika Kaskazini.

Hapo ndipo ugomvi wa hesabu ulipoanza. Kanali William Momyer, aliyeongoza kundi ambalo skwadroni hiyo iliambatanishwa nalo, aliandika ripoti iliyodai kwamba marubani hao hawakuwa na ari ya mapambano, na ushahidi ulioonekana mzito ni kwamba tangu wafike vitani walikuwa wametungua ndege moja tu, iliyoangushwa na Charles Hall tarehe 2 Julai 1943. Pendekezo la kuwaondoa mstari wa mbele lilifika kwa wakuu wa jeshi, na Davis, ambaye tayari alikuwa amerudi Marekani kuandaa kikosi kikubwa zaidi, akaitwa mbele ya kamati mwezi Oktoba. Hakujibu kwa hasira, ingawa sababu za kukasirika hazikukosekana. Alieleza kwamba vijana wake waliingia vitani bila mkongwe wa vita wa kuwaongoza, na kwamba walikuwa wachache kuliko skwadroni nyingine, hivyo kila mmoja aliruka mara nyingi zaidi. Isitoshe, walipangiwa zaidi kushambulia shabaha za ardhini, kazi isiyomkutanisha rubani na ndege za adui. Jeshi lilipofanya uchunguzi wake, lilikuta kwamba skwadroni hiyo haikupishana sana na nyingine zilizotumia ndege za aina ile ile. Kisha Januari 1944, walipopewa kulinda anga la Anzio nchini Italia, waliangusha ndege 12 katika siku mbili.

Kikosi kipya cha Davis, Kundi la 332, kilichounganisha skwadroni nne, kilipewa kazi ya kusindikiza, yaani kuzilinda ndege kubwa za mabomu zisitunguliwe njiani. Kazi hiyo humtaka rubani ajinyime, kwa sababu anayemkimbilia adui ili aongeze idadi yake huwaacha wazi aliokabidhiwa. Davis aliwakataza vijana wake kuziacha ndege za mabomu, na amri hiyo, iliyowanyima baadhi yao nafasi ya kujipatia sifa, huenda ndiyo kipimo bora cha ukamanda wake. Ndege zao zilijulikana kwa mikia iliyopakwa rangi nyekundu.

Baada ya vita hesabu ziligeuka upande wa pili, zikaenea habari kwamba kundi hilo halikupoteza hata ndege moja ya mabomu. Watafiti waliopekua kumbukumbu walikuta zilizopotea zikiwa 27, dhidi ya wastani wa 46 kwa makundi mengine yaliyofanya kazi hiyo chini ya jeshi lile lile. Namba hiyo ya kweli inamtosha Davis bila kuongezewa chumvi.

Mwaka 1948 Rais Truman aliagiza ubaguzi ukomeshwe jeshini, na Davis alishiriki kuandaa mpango wa Jeshi la Anga wa kutekeleza agizo hilo. Mwaka 1953 alikabidhiwa Kamandi ya 51 nchini Korea, yenye ndege za jeti na marubani ambao wengi wao walikuwa weupe. Mwaka uliofuata akawa brigedia jenerali, na alipostaafu mwaka 1970 alikuwa luteni jenerali mwenye nyota tatu. Ya nne alivishwa na Rais Clinton mwaka 1998, miaka minne kabla ya kufariki.