Mtumishi wa Kaunti Aumiapo Kazini

Msafiri atokaye Nyeri mjini kwenda Nanyuki hupita Kiganjo, mahali panapojulikana mbali kwa sababu ya Chuo cha Polisi na kiwanda cha maziwa. Lakini leo hatusemi habari za askari wala za maziwa. Twataka kusema habari za watu ambao msafiri hawatazami sana: yule afagiaye soko, yule apakiaye taka katika lori, bwana mifugo aingiaye katika boma la ng'ombe wasiomjua, muuguzi wa zahanati, na dereva wa greda. Hao ni watumishi wa Serikali ya Kaunti ya Nyeri, ambayo mwaka 2013 ilichukua mahali pa mabaraza ya zamani ya mji na ya wilaya. Kazi zao ni za mikono na miguu, na mikono na miguu huumia.

Tufanye mfano. Mtu mmoja, nasi tumwite Mpakiaji tu, yuko nyuma ya lori la taka siku ya soko. Mlango wa nyuma wa lori waponyoka na kumvunja vidole viwili vya mkono wa kuume. Wenzake wamfunga kitambaa na kumpeleka hospitali. Nyapara ampa pole na shilingi elfu moja za nauli. Baada ya miezi miwili arudi kazini, lakini vidole havikunjiki tena. Mwaka wapita, na miezi michache juu yake. Ndipo rafiki mmoja amwambiapo, "Ndugu yangu, mbona hukudai fidia?"

Je, Mpakiaji alikuwa na haki gani, naye aliipotezea wapi?

Sheria inayotawala jambo hili katika Kenya ni Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ambayo watu wengi huiita WIBA. Ilianza kutumika mwezi Juni 2008, ikaondoa sheria ya zamani ya fidia za wafanyakazi iliyokuwapo tangu siku za ukoloni. Watu wengine hudhani kwamba sheria hiyo ni ya viwanda na mashamba makubwa tu, na kwamba Serikali haiguswi. Sivyo. Sheria yenyewe yasema kwamba inawahusu na watumishi wa Serikali, ila majeshi, kana kwamba Serikali ni mwajiri kama waajiri wengine. Basi Kaunti nayo ni mwajiri, na mfagiaji wake ana haki ile ile ya mtu wa kiwandani.

Wengine hudhani kwamba kibarua hana haki. Sheria haiulizi kama mtu ni wa kudumu au ni wa muda. Yauliza kama aliajiriwa kwa mshahara au ujira kwa mapatano ya kazi. Lakini hapa yafaa kutahadhari: mtu aliyeandikwa na kontrakta aliyepewa kazi na Kaunti, mwajiri wake ni yule kontrakta, na huyo ndiye wa kuulizwa kwanza.

Tena wako wanaonyamaza kwa aibu, wakisema, "Kosa lilikuwa langu." Huenda dhana hii ndiyo inayowanyima watu wengi fedha zao. Fidia ya namna hii haikujengwa juu ya kosa. Mtu akiumia kwa ajali iliyotokana na kazi yake na wakati wa kazi yake, mwajiri apaswa kulipa, hata kama hakuna aliyekosea, na hata kama mtumishi mwenyewe alikuwa mzembe kidogo. Hata aliyevunja amri, ikiwa alilolifanya lilikuwa kwa ajili ya kazi ya mwajiri, hakatazwi. Anayenyimwa ni yule aliyejiletea ajali kwa makusudi na ukaidi, na huyo naye akifa au akilemaa vibaya, sheria haimfungii mlango. Tena mtumishi akiumia njiani, akiwa anapelekwa kazini au kurudishwa bure katika gari la mwajiri linaloendeshwa na mtu wa mwajiri, huhesabiwa kuwa aliumia kazini.

Kwa upande wa pili, mtumishi ameacha kitu. Haruhusiwi kumshtaki mwajiri wake mahakamani kwa ajali hiyo ili atozwe fidia kubwa zaidi. Mapatano ya namna hii si mageni duniani: Ujerumani ilianza mwaka 1884, na Uingereza ikaweka sheria yake ya fidia bila kuuliza kosa mwaka 1897. Katika Kenya mawakili hawakuyapenda. Chama cha Wanasheria kilikwenda Mahakama Kuu, na mwezi Machi 2009 mahakama hiyo ikavitangua vifungu kadhaa, pamoja na kile kizuiacho mashtaka. Mwezi Novemba 2017 Mahakama ya Rufani ikavirudisha vingi vya vifungu hivyo, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikathibitisha hivyo. Twayaeleza haya kwa sababu mpaka leo wako watu vijijini wanaosema, "Tafuta wakili, ufungue kesi." Walikuwa na sababu ya kusema hivyo miaka kumi iliyopita. Siku hizi mtu aanzaye mahakamani ataambiwa arudi kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na wakati wake utakuwa umekwenda.

Sasa tumrudie Mpakiaji. Siku ile ile alipoumia, yeye au mwenziwe alitakiwa kumwarifu mwajiri. Sheria hairuhusu maandishi tu; yakubali hata neno la mdomo. Nyapara alikuwapo na aliona damu, kwa hiyo mwajiri hawezi kusema kwamba hakujua. Lakini karani mwenye busara angemshauri aandike barua fupi, kutaja siku, saa, mahali na majina ya walioona, na kuweka nakala nyumbani, kwa maana nyapara huhamishwa.

Tangu hapo zamu ilikuwa ya mwajiri. Katika siku saba alipaswa kumwarifu Mkurugenzi kwa fomu iitwayo DOSH/WIBA 1. Fomu hiyo ina sehemu mbili: ya kwanza hujazwa na mwajiri, ya pili na daktari. Katika mfano wetu hakuna aliyeijaza. Nyapara alidhani ni kazi ya ofisi, ofisi haikuletewa habari, na Mpakiaji alidhani kwamba kulazwa hospitali ndiko kuarifu. Aliyeumia ana haki ya kwenda kuuliza, "Fomu yangu iko wapi?" wala hilo si utovu wa adabu. Dai lenyewe hutakiwa kupelekwa katika miezi 12 tangu siku ya ajali, au tangu siku ya kifo ikiwa mtu amekufa. Mpakiaji aliamka baada ya miezi 14.

Alipoteza nini? Kwanza, gharama za matibabu, zilizo juu ya mwajiri: daktari, hospitali, dawa, usafiri, na hata kiungo cha bandia kikihitajiwa. Pili, malipo ya siku ambazo hakuweza kufanya kazi. Mtu akishindwa kazi kwa siku tatu au zaidi, hupewa malipo ya kadiri ya mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 12. Tatu, na hapa ndipo penye fedha nyingi, ni fidia ya ulemavu wa kudumu. Hiyo huhesabiwa kwa mshahara wa miezi 96, kwa kufuata viwango vya chini na vya juu vilivyowekwa. Daktari hutaja ulemavu kwa sehemu za mia, akifuata orodha iliyo katika sheria. Aliyepofuka macho yote mawili au kupoteza mikono yote miwili huandikiwa 100 kwa 100.

Tuseme mshahara wa Mpakiaji ulikuwa Sh. 20,000/- kwa mwezi, na daktari akaandika 15 kwa 100. Miezi 96 ni Sh. 1,920,000/-, na 15 kwa 100 yake ni Sh. 288,000/-. Kwa watu wa Kiganjo hizo ni fedha za ng'ombe wa maziwa zaidi ya mmoja, na karo juu yake. Yeye alipata Sh. 1,000/- za nauli.

Mtumishi akifa kwa ajali ya kazi, wategemezi wake hulipwa mshahara wa miezi 96, na mwajiri hulipa gharama za maziko kwa kiasi kilichowekwa. Mjane asingoje ofisi imtafute.

Mwajiri hutakiwa kukata bima kwa ajili ya mambo haya, lakini asipokata deni halimwondoki. Ni lake mwenyewe. Wenzetu wa Tanzania wana utaratibu mwingine: tangu mwaka 2015 waajiri huchangia Mfuko mmoja wa Fidia kwa Wafanyakazi, nao Mfuko ndio ulipao. Kwetu dai likishapelekwa na Mkurugenzi kwa mwajiri au kwa kampuni ya bima, hutakiwa kulipwa katika siku 90.

Na kama mtu aona kwamba hesabu si sawa, kwa mfano daktari ameandika 5 ambapo mkono haushiki hata jembe, asiridhike upesi. Ana siku 60 za kumpelekea Mkurugenzi pingamizi kwa maandishi. Mkurugenzi hutakiwa kujibu katika siku 14. Jibu lisipompendeza, hapo ndipo mlango wa mahakama ufungukapo: ana siku 30 za kukata rufani katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo chake Nyeri.