DARAJA HUFA KATIKA VIUNGO

Usiku wa tarehe 28 Juni, 1983, katika mji wa Greenwich, jimbo la Connecticut nchini Marekani, kipande cha daraja la Mto Mianus chenye urefu wa futi 100 hivi kilianguka mtoni. Magari manne yalitumbukia, na watu watatu wakafa. Daraja hilo lilikuwa limefunguliwa mwaka 1958. Halikuwa limetimiza hata miaka thelathini.

Wachunguzi waliona kwamba mkosaji ni kutu. Ilikuwa imejazana katika kiungo kimoja cha pini, ikakisukuma kando chuma cha kuning'inizia, kidogo kidogo, mpaka kikachomoka. Miaka kumi kabla ya hapo, barabara ilipotengenezwa, mifereji ya kutolea maji ilizibwa kwa lami, na maji yakakosa pa kwenda ila kupenya ndani ya viungo.

Twakikumbuka kisa hiki kwa sababu siku hizi iko dawa mpya ya kutu inayosifiwa sana. Ni nguo ya nyuzi za kaboni, ambayo hulowekwa katika gundi ya epoksi na kubandikwa juu ya chuma kilicholiwa. Sifa zake ni za kweli. Uzito wake ni kama moja ya tano ya uzito wa chuma, nayo haishiki kutu. Mafundi huipandisha kwa mikono yao. Hawatoboi tundu jipya wala hawatumii moto wa kuchomelea, ambao waweza kukidhuru chuma kikuukuu. Huko Uingereza, daraja la Tickford, lililojengwa kwa chuma cha kusubu mwaka 1810, liliongezwa nguvu kwa nyuzi hizi mwaka 1999.

Lakini kiungo ni kazi ngumu zaidi. Bamba la kiungo hupokea mivuto ya vyuma vinavyotoka pande mbalimbali, na uso wake umejaa vichwa vya ribiti na bolti. Fundi hana budi kukwangua kutu yote mpaka chuma king'ae, ajaze mashimo kwa utomvu unaoganda, kisha atandike nguo tabaka kwa tabaka, nyuzi zikifuata njia ya kila mvuto na kupita mbali na mahali palipoliwa, ili ncha zisibanduke.

Tena, kaboni ikigusana na chuma penye unyevu, viwili hivyo hufanya kazi kama betri, na chuma huliwa upesi kuliko kwanza. Ndiyo maana nguo ya nyuzi za kioo hutandikwa kati yao. Fundi anayeiruka hatua hiyo ili amalize mapema, ametia sumu kwa jina la dawa. Na pini kama ile ya Mianus, ambayo kazi yake ni kuliruhusu daraja linyooke na kunywea kwa joto na baridi, haiponi kwa kufungwa nguo. Ikikazwa, nguvu zile zitatafuta mahali pengine pa kupasua.

Basi ugonjwa wenyewe ni maji na uchafu, na dawa yake ya kwanza ni ufagio, rangi na macho ya mkaguzi. Tarehe 28 Januari, 2022, daraja la Fern Hollow mjini Pittsburgh, huko huko Marekani, liliporomoka likiwa na basi juu yake. Kwa bahati njema hakufa mtu. Mifereji ilikuwa imeziba, miguu ya chuma ikaliwa, na wakaguzi walikuwa wameyaandika hayo mwaka baada ya mwaka. Karatasi zilikuwapo, aliyekosekana ni mtendaji.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twaongeza kwamba ukuta huo huenda ukajengwa baada ya mazishi. Mfanyakazi anayezibua mfereji wa daraja asidharauliwe, kwani analinda roho za watu sawasawa na mhandisi. Na kiongozi anayepokea ripoti ya kutu akaifungia sandukuni, ajue kwamba kutu haingojei kikao. Utaalamu mpya na upokelewe kwa mikono miwili, lakini usifanywe kitambaa cha kufunika uzembe.