Picha za Mama: Kutuma ni Kazi Moja, Kutunza ni Nyingine

Familia nyingi za kwetu zina kundi la WhatsApp linalowakutanisha walioko Tanga, Nairobi, Muscat na Minneapolis, na mara nyingi wazee ndio wakimya humo. Hupokea picha za wajukuu, huzitazama, huwaonyesha majirani, basi. Hali hii inanisikitisha, kwa sababu mzee ndiye mwenye picha ambazo mtu mwingine hana: zile za studio zilizohifadhiwa kwenye bahasha ndani ya sanduku, shamba lilivyostawi msimu huu, mtoto aliyezaliwa jana nyumba ya pili. Tena yeye ndiye anayejua waliomo ni nani na siku hiyo walikuwa wanakwenda wapi.

Kumsaidia mzazi kushiriki picha kuna kazi mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kutuma: picha itoke kwake imfikie mwanawe. Ya pili ni kutunza: picha hiyo iwepo miaka ishirini ijayo, ikiwa safi na ikiwa na majina. WhatsApp inaifanya kazi ya kwanza vizuri sana na ya pili vibaya. Kwa hiyo nashauri mzazi aachiwe WhatsApp aliyoizoea, asihamishiwe programu mpya, na kazi ya kutunza ibebwe na mtoto mmoja anayejulikana.

Kabla ya yote, tazama kidole. Kioo cha simu hakipimi nguvu ya kubonyeza. Kinahisi badiliko dogo la umeme pale ngozi inapokigusa, na ngozi yenye unyevu kidogo ndiyo inayohisiwa vizuri. Ngozi ya mzee hukauka, na ya aliyeshika jembe maisha yake yote ina sugu. Anagusa, simu haijibu. Anabonyeza kwa nguvu na kuchelewa kuinua kidole, simu inadhani anataka jambo jingine, inamfungulia orodha asiyoijua. Hapo ndipo mzee anaposema simu imeharibika, na mtoto anaposema mama haelewi. Wote wawili wamekosea. Kwenye simu za Android, ndani ya mipangilio ya walemavu na wenye uoni hafifu, kuna sehemu ya kurefusha muda ambao simu husubiri kabla ya kuhesabu kwamba kidole kimeshikilia. Chagua muda mrefu kabisa. Ongeza ukubwa wa maandishi. Bandua ile plastiki ya kioo iliyochakaa, na mwambie apitishe vidole kwenye kitambaa chenye unyevu kidogo. Nimeona wazee walioitwa wagumu wa kujifunza wakituma picha siku hiyo hiyo baada ya marekebisho haya.

Kisha mfundishe njia moja tu. Kuna njia mbili za kutuma picha: kuanzia kwenye albamu ya simu, au kuanzia ndani ya mazungumzo yenyewe kwa kugusa alama ya kibanio cha karatasi au ya kamera. Mimi nafundisha ya pili. Anayeanzia kwenye albamu huletewa orodha ndefu ya programu na majina, na kati yake imo ile sehemu ya Status, ambako picha huonekana saa 24 kwa watu wote aliohifadhi namba zao nao wakahifadhi yake, kama hakuweka mipaka. Picha ya baba aliyelala hospitali, iliyokusudiwa kwa binti mmoja, huishia kwa wateja wa dukani namna hiyo. Anayeanza ndani ya mazungumzo ya binti yake anajua tangu mwanzo inakwenda kwa nani. Bandika mazungumzo hayo juu kabisa ili asiyatafute. Na kama kundi la ukoo lina watu mia wanaotumiana michango na salamu za Ijumaa, fungua kundi dogo la watoto wa tumbo moja na wajukuu tu. Mzee hutuma zaidi mahali ambapo kila anayejibu anamjua kwa sauti.

Wakati wote huo simu ibaki mkononi mwake. Kijana anayesema "lete hapa nikufanyie" anamaliza kazi kwa sekunde kumi, na mama anabaki hajui alichofanya. Keti ubavuni, elekeza kwa maneno, acha akosee, acha arudie.

Walio mbali nao wana njia. Tangu Agosti 2023, mtu akiwa kwenye simu ya video ya WhatsApp anaweza kumwonyesha mwenzake kioo chake chote, hivyo binti aliyeko Toronto huona kidole cha mama kinapopotea na kumwongoza. Mwambie mzee asimwonyeshe kioo mtu asiye wa familia, awe nani, kwa sababu matapeli nao hupenda njia hiyo. Walioko Falme za Kiarabu wana kikwazo, maana huko simu za WhatsApp zimezuiwa kwa miaka mingi, ingawa maandishi, picha na ujumbe wa sauti hupita. Kwao ni bora mjukuu aliyeko nyumbani apewe jukumu la kufundisha.

Sasa suala la ubora. Kamera ya simu ya kawaida yenye megapikseli 12 hutoa picha yenye pikseli 4000 kwa 3000. Ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, upande mrefu hupunguzwa hadi pikseli 1600 hivi. Kwa kutazama simuni hutaona tofauti, na bando linaokolewa. Lakini ukitaka kuichapisha kwa ubora wa dukani, pikseli 1600 zinatosha karatasi ya sentimita 13 au 14 kwa upande mrefu, wakati ile ya asili ingefika sentimita 34. Familia hugundua hili siku ya msiba, inapotafutwa picha ya marehemu ya kuweka mbele ya jeneza. Iliyopo ni ile iliyotumwa kwenye kundi, na ikikuzwa uso unafifia. Ndiyo maana picha chache za maana zitumwe kwa ubora wa HD, au zitumwe kama hati, ambapo WhatsApp haiigusi picha hata kidogo. Jambo moja la kuangalia: picha ya kawaida huondolewa taarifa zilizofichwa ndani yake, kama vile mahali ilipopigwa, lakini ikitumwa kama hati taarifa hizo huenda nayo. Kwa hiyo hati ziende kwa mtoto mtunzaji pekee, si kwa kundi.

Picha za karatasi ndizo ninazozionea uchungu zaidi. Miji mingi ya pwani ilikuwa na studio zake. Zanzibar, Capital Art Studio ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na wengi wetu tuna babu aliyesimama mbele ya pazia la studio akiwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Familia hupenda kuanza na hizo za zamani za rangi nyeusi na nyeupe. Anzeni na za rangi za miaka ya 1970 na 1980. Nyeusi na nyeupe iliyosafishwa vizuri ina fedha ndani yake na hudumu. Za rangi zimetengenezwa kwa rangi za kemikali zinazofifia hata zikiwa gizani, na ndiyo sababu harusi ya shangazi imegeuka nyekundunyekundu. Kila mwaka kinapotea kitu humo.

Kuzinakili kwa simu hakuhitaji vifaa vingine. Weka picha mezani karibu na dirisha, kivulini, zima mwanga wa kamera, shika simu sambamba na picha ili pembe nne zionekane sawa. Iliyonata kwenye albamu ya gundi na plastiki usiibandue, ipige hapo hapo. Kisha igeuze upige na nyuma: huko ndiko kuna muhuri wa studio, tarehe, na mwandiko wa mtu.

Halafu majina. Maneno unayoandika chini ya picha kwenye WhatsApp hayamo ndani ya picha. Ukiihifadhi simuni yanabaki nyuma. Tarehe nayo hupotea, kwa sababu faili hupewa jina la siku ilipotumwa au kupokelewa, na picha ya mwaka 1974 inajipanga katikati ya picha za mwezi uliopita. Njia ninayoiamini ni sauti ya mzee. Mtoto atume picha moja, mzee aivute kuelekea kulia ili jibu lake lifungamane nayo, ashikilie alama ya kipaza sauti, aseme: huyu ni nani, ni mtoto wa nani, hapa ni wapi. Hana haja ya kuandika hata herufi. Mtunzaji asikilize, aandike majina kwenye maelezo ya picha ndani ya Google Photos, arekebishe na tarehe, kisha aihifadhi ile sauti yenyewe. Tuma picha moja kwa siku, usitume arobaini. Mzee akipewa nafasi, picha moja huzaa hadithi ya ukoo mzima, na nyingine atasema asionyeshwe mtu. Heshimu hilo, kama inavyoheshimiwa katika baadhi ya sherehe za wanawake za pwani ambako simu haziruhusiwi kupiga picha.

Kutunza kunaanza na akaunti. Simu nyingi za wazee zilifunguliwa akaunti ya Google na muuzaji dukani, kwa nywila ambayo hakuna anayeijua. Simu ikiibiwa, picha zote zimekwenda. Fungua akaunti upya kama ni lazima, weka namba ya mtoto kama namba ya kurejeshea, andika nywila kwenye daftari linalokaa na hati za nyumba. Weka pia PIN ya WhatsApp, na umweleze kwamba namba sita zinazokuja kwa ujumbe haambiwi mtu, hata anayejitambulisha kuwa mwanawe. Ajuaye ule ujumbe wa matapeli wa "ile pesa nitumie kwenye namba hii" anaelewa haraka.

Google hutoa GB 15 bure, zikigawanywa kati ya picha, barua pepe na hifadhi ya faili. Enzi ya picha bila kikomo ilikwisha tarehe 1 Juni 2021. Picha kwa kawaida huhifadhiwa mtandaoni pale tu simu inapopata Wi-Fi, na nyumba nyingi za kijijini hazina Wi-Fi. Hivyo mtoto huamini picha za mama ziko salama, kumbe hata moja haijapanda. Unapomtembelea, washa hotspoti kwenye simu yako, unganisha yake, iache ikichaji usiku mzima. Kwake hiyo ni Wi-Fi, na picha zitapanda kwa bando lako, mradi simu yake isiihesabu hotspoti kama mtandao wenye kikomo; hakikisha zimeanza kupanda kabla ya kulala.

Mwisho kuna jambo ambalo watoto huliogopa kulitaja. Akaunti ya Google isiyotumiwa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na picha zake. Ndani ya mipangilio ya akaunti kuna sehemu ambapo mwenyewe huchagua watu wa kupewa vitu vyake akiwa kimya kwa miezi 3, 6, 12 au 18. Zungumza naye juu ya hili kama mnavyozungumzia hati ya shamba. Kipindi alichochagua kikiisha bila akaunti kuguswa, Google humwandikia aliyetajwa na kumpa njia ya kupakua picha. Mpangilio huu huwekwa na mzazi mwenyewe akiwa hai, kwa hiyo ufanyeni pamoja siku ile ile mnayoandika nywila kwenye daftari.