Mafuta Yakishuka, Nani Hupanda?

Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Methali hii hukumbukwa kila bei ya mafuta inapoanguka, na wengi wetu hudhani kuwa sisi wanunuzi ndio kunguru. Je, ni kweli?

Mnamo Juni 2014 pipa moja liliuzwa kwa zaidi ya dola 110. Novemba mwaka huo mataifa ya OPEC yalikutana Vienna yakakataa kupunguza uzalishaji, na kufikia Januari 2016 bei ilikuwa chini ya dola 30. Venezuela iliyumba, Saudi Arabia ikalazimika kukopa, ilhali wanunuzi wakubwa kama India walipumua.

Huku kwetu, matumaini ya mafuta ya Turkana, yaliyogunduliwa mwaka 2012, yalififia. Aprili 2016 Uganda nayo iliamua kupitisha bomba lake Tanga badala ya Lamu. Bei inapokuwa duni, gharama ndogo huwa hoja kubwa. Tanzania ikaipata turufu ambayo Kenya iliitarajia.

Na mkulima wa majani chai wa Kebirigo au Kiamokama je? Chai yake husafirishwa kwa malori hadi Mombasa, kwa hivyo dizeli ya bei nafuu humfaa. Hata hivyo, miongoni mwa wanunuzi wake wakuu ni Pakistan na Misri, nchi ambazo raia wao wengi hufanya kazi katika Ghuba na kutuma fedha nyumbani. Ghuba ikijifunga mkanda, mnada wa Mombasa waweza kutikisika.

Isitoshe, bei ya kituoni si bei ya pipa pekee. Mwaka 2023 kodi ya ongezeko la thamani kwa mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na mwaka 2024 ada ya kukarabati barabara ikatoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Nafuu itokayo ng'ambo yaweza kumezwa kabla ya kufika Keroka.

Basi mwalimu asikomee kwenye ramani ya Ghuba. Mamlaka ya kawi, EPRA, hutangaza bei kila tarehe 14 ya mwezi. Tangazo hilo na liletwe darasani, wanafunzi walichambue: ngapi ni za muuzaji, ngapi za serikali? Raia asiyejua hesabu hiyo hawezi kuidai nafuu yake, hata panzi wapigane mwaka mzima.